Je, wajua kwa nini Mkristo aliyetubu upya habatizwi upya?

Nchini Uganda, ambako Mkatoliki, Mwanglikana na Mlokole huweza kula chakula cha jioni kwenye meza moja, swali hili huzuka mara kwa mara. Mtu alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akaishi miaka mingi bila kujali kanisa, kisha siku moja akatubu kwa moyo wote. Akimwomba padri au mchungaji wake ambatize tena, anakataliwa. Akienda kwenye kanisa la Kipentekoste la mtaani, huenda Jumapili inayofuata akazamishwa katika maji ya Ziwa Victoria. Kwa nini wale wa kwanza wakatae, ilhali toba yenyewe hawaitilii shaka?

Wengi hudhani kwamba jibu ni taratibu za ofisi tu: jina limekwisha kuandikwa katika rejista ya parokia, basi. Dhana hiyo husimama juu ya nyingine iliyo kubwa zaidi, kwamba ubatizo ni kuoshwa dhambi zilizotendwa hadi siku hiyo, na kwa hiyo aliyechafuka tena aoshwe tena. Haikutoka hewani, kwa kuwa katika Matendo 22:16 Anania anamwambia Sauli abatizwe na kuziosha dhambi zake. Lakini Agano Jipya halikuishia kwenye kuosha. Katika Warumi 6 Paulo anasema kwamba waliobatizwa walizikwa pamoja na Kristo wapate kuenenda katika uzima mpya, na katika Yohana 3 Yesu anazungumza na Nikodemo juu ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Kuoga ni jambo la kila siku. Kuzaliwa na kuzikwa si mambo ya kila siku. Anayeshika picha ya kwanza peke yake ataona kukataa kwa padri kuwa ukaidi, na atakuwa amesoma theluthi moja tu ya habari.

Toba, kwa upande wake, ni jambo la kurudiwa. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na makutano wafanye nini, hakuwajibu kwa maneno ya fumbo: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, askari watosheke na mishahara yao. Matunda ya namna hiyo hayatolewi siku moja yakaisha. Kisa kinachoonyesha tofauti hii waziwazi ni cha Simoni mchawi wa Samaria katika Matendo 8. Aliamini, akabatizwa, na baada ya hapo akataka kununua kwa fedha uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali, kisha akamwagiza atubu na kumwomba Bwana. Hakumwagiza arudi majini.

Wanaotetea ubatizo wa pili hutaja Matendo 19, ambapo Paulo aliwakuta Efeso wanafunzi wapatao 12 waliokwisha kubatizwa, nao wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Hata hivyo, walichokuwa wamepokea awali kilikuwa ubatizo wa Yohana, na Paulo aliwaeleza kwamba huo ulikuwa ubatizo wa toba uliowaelekeza kwa yule ajaye nyuma yake. Kwa hesabu ya makanisa mengi, basi, wanafunzi hao walikuwa wakibatizwa ubatizo wa Kikristo kwa mara ya kwanza.

Msimamo huo ulizaa matatizo ya ajabu katika karne za mwanzo. Ikiwa maji ni ya mara moja, dhambi za baadaye zitaondolewaje? Maandishi ya Roma ya karne ya 2 yanayoitwa Mchungaji wa Hermas yaliruhusu toba baada ya ubatizo, lakini mara moja tu. Haishangazi kwamba baadhi ya watu walipiga hesabu na kuahirisha ubatizo hadi karibu na kufa. Kaisari Konstantino, aliyelipendelea Kanisa kwa miaka mingi, alibatizwa mwaka 337, mwaka ule ule aliofariki. Baadaye Kanisa la Magharibi lililegeza upande wa toba, si upande wa ubatizo: maungamo ya faragha yanayorudiwa yalienea, na Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215, ukaagiza kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka.

Sababu yenyewe ya kutorudia ilichambuliwa Afrika ya Kaskazini. Katikati ya karne ya 3, Sipriani, askofu wa Karthago, aliwabatiza tena waliotoka katika makundi ya uzushi, huku Stefano, askofu wa Roma, akipinga. Katika karne ya 4 Wadonati, Wakristo wa huko waliojitenga, walikwenda mbali zaidi, wakidai kwamba ubatizo wa maaskofu walioshirikiana na wasaliti wa wakati wa mateso haukuwa na nguvu. Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwa mfano wa askari wa Kirumi, ambaye alitiwa alama mwilini alipoandikishwa jeshini. Askari huyo akitoroka, alama haifutiki. Huko aliko haimletei heshima yoyote, bali inamshitaki kuwa mtoro. Akirudi na kusamehewa hatiwi alama nyingine, kwa kuwa kilichopungua kilikuwa utii wake. Zaidi ya hayo, alama ni ya mfalme wala si ya mkono ulioichora, kwa hiyo hata kama aliyeichora alikuwa mwovu, au yeye mwenyewe alikuwa mtoro, inabaki kuwa alama halali. Kwa mfano huo mmoja Augustino alieleza mambo mawili: kwa nini aliyeanguka hurudi kwa toba peke yake, na kwa nini ubaya wa mhudumu hauharibu ubatizo.

Uganda ina ushahidi wake kwamba ubatizo hautegemei hadhi ya mhudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Lwanga hakuwa padri. Alikuwa mkuu wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, naye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885 tu. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, na hakuna aliyedai kwamba ubatizo wao ulikuwa na kasoro. Katika hatari ya kifo Kanisa Katoliki hukubali hata ubatizo unaotolewa na mtu ambaye hajabatizwa, mradi atumie maji, ayataje majina ya Utatu, na akusudie kufanya lifanywalo na Kanisa.

Vivyo hivyo, Walokole wa uamsho wa miaka ya 1930 walihubiri kwa watu waliokwisha kubatizwa. Walidai toba ya hadharani, madeni yalipwe na vilivyoibwa virudishwe, lakini wengi wao walibaki katika Kanisa la Anglikana na ubatizo wao wa utotoni. Wapentekoste na Wabaptisti nao hawasemi kwamba wanabatiza mara ya pili. Kwao toba na imani ya mtu mwenyewe hutangulia, kwa hiyo kilichofanyika utotoni hakikuwa ubatizo. Hapa ushahidi wa kale ni mwembamba: Matendo 16 yanasema Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake, bila kueleza kama nyumbani humo mlikuwa na watoto wachanga.

Kwa hiyo pande zote hukiri ubatizo mmoja, na ubishi ni juu ya upi uhesabiwe. Pale ambapo haijulikani kabisa kama mtu amewahi kubatizwa, Wakatoliki na Waanglikana hutumia kanuni iliyotungwa kwa uangalifu wa mwanasheria: “Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza.”