Lori kuukuu linalozima likiachwa kunguruma: anzia kwenye tangi, si kwenye pampu

Malori ya zamani ya Isuzu na Mitsubishi Fuso, yenye pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, bado yanafanya kazi kubwa kwenye barabara itokayo Kilindini kupitia Changamwe na Miritini hadi Mariakani. Lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa madereva wake ni kwamba injini huvuta mzigo vizuri ikikanyagwa mafuta, lakini mguu ukiondolewa hupooza na kuzima. Lori kama hilo linapofika karakana, mara nyingi skrubu ya mwendo wa chini kwenye pampu huwa imeshazungushwa, pengine hata pampu yenyewe imeshafunguliwa, ilhali kasoro iko mbali na hapo.

Suala hili si usumbufu wa foleni tu. Injini ikizima, kompresa ya upepo wa breki husimama, na stelingi inayosaidiwa na mafuta huwa nzito papo hapo. Dereva anayeteremka kutoka Mazeras akikanyaga klachi ili abadili gia, injini ikamzimia, anabaki na upepo uliomo kwenye mitungi peke yake. Kwa hiyo siwezi kukubali kulirudisha barabarani lori ambalo limepandishwa mwendo tu ili lisizime, bila sababu kujulikana.

Injini nyingi za aina hii hukaa kati ya mizunguko 550 na 700 kwa dakika zinapoachwa bila kukanyagwa. Katika mwendo huo kila nozeli, yaani kinywa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, hupewa tone dogo sana la dizeli, na gurudumu zito la injini halina nguvu ya kutosha kuivusha silinda moja iliyokosa mafuta. Hewa kidogo, kipande cha kutu au nozeli moja dhaifu, ambavyo barabarani havionekani kabisa, hapa hutosha kuizima.

Kabla ya kushika spana, namwomba dereva aiwashe injini nami nisikilize inavyokufa. Ikififia polepole kama inayonyimwa chakula, nashuku chujio, tangi au pampu ndogo inayovuta dizeli. Ikipanda na kushuka kabla ya kuzima, nashuku hewa kwanza na gavana, yaani kidhibiti mwendo kilichomo kwenye pampu, baadaye. Ikikatika ghafla, natazama solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayokata dizeli, na nyaya zake, na kwenye malori yanayozimwa kwa kuvuta waya, natazama kama waya huo umeshika kutu na kukiacha kishikio cha kuzimia kikiwa kimevutwa nusu. Kuukagua waya huo hakugharimu chochote, na ni wachache wanaokumbuka kuutazama.

Kinachofuata ni tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa. Likiziba, tangi hujivuta ndani na dizeli hukataa kuja. Legeza kifuniko, kisha uiache injini iendelee kunguruma uone kama itadumu. Halafu fungua kizibo cha chini cha chujio na uikinge dizeli kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji hujitenga yakakaa chini. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, na tangi linalolala nusu tupu hukusanya maji kwenye kuta zake usiku. Maji hayo huleta kutu, na mahali yanapokutana na dizeli huota utelezi mweusi unaoziba chujio jipya kwa muda mfupi. Ndiyo maana nawashauri wenye magari wajaze tangi jioni badala ya asubuhi.

Hewa ndiyo inayowapotosha mafundi wengi zaidi. Kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvutia, dizeli hunyonywa, haisukumwi. Paipu ikiwa na ufa haitadondosha hata tone, bali itaingiza hewa. Fundi anayetafuta palipolowa hataona kitu. Mimi hufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu hiyo nikatazama mapovu. Nikiyaona, nalitenga tangi kabisa: naweka mtungi wa dizeli safi mahali pa juu, nauunganisha moja kwa moja kwa mpira mpya, natoa hewa kwa pampu ya mkono, kisha naiwasha injini. Ikidumu, kasoro iko nyuma, kwenye tangi au paipu, na hakuna sababu ya kuigusa pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Lori moja la kubebea saruji, ambalo pampu yake ilikuwa imeshafunguliwa kwingineko, lilikuwa likizima tu tangi linapopungua chini ya nusu. Bomba la kunyonyea ndani ya tangi lilikuwa na kitundu cha kutu katikati yake. Tangi likijaa, kitundu kilizama kwenye dizeli. Likipungua, kilinyonya hewa.

Kama mtungi haukubadilisha kitu, nakagua vali ya kurudishia dizeli kwenye pampu. Springi yake ikichoka, shinikizo la ndani halikai, na hilo hudhihirika zaidi katika mwendo wa chini. Kisha nozeli: injini ikinguruma, nalegeza nati ya paipu moja baada ya nyingine nikisikiliza, silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo isiyofanya kazi. Kipimo hiki ni cha mfumo wa zamani peke yake. Kwenye injini za kisasa zenye reli ya shinikizo kubwa ni marufuku. Na hata kwenye ya zamani, vaa miwani na usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwa sababu hupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu kidole. Aliyepatwa aende hospitali saa hiyohiyo.

Yako mambo mawili yasiyohusu dizeli ambayo hupaswa kutazamwa. Breki ya eksozi ina kipepeo cha chuma ambacho kutu ya chumvi hukikwamisha kikiwa kimefungwa, na injini ikashindwa kutoa moshi. La pili ni injini inayozima pale tu klachi inapokanyagwa: hapo tikisa kranki shafti, yaani mhimili mkuu wa injini, mbele na nyuma, maana huenda beringi za kuizuia isisogee zimelika.

Pampu kubwa huja mwisho, na dalili yake ninayoiamini ni joto. Asubuhi injini hutulia vizuri. Ikishapata moto kwenye foleni ya lango la bandari, huzima na hukataa kuwaka. Dizeli ya moto ni nyepesi, na pampu iliyolika ndani huivujisha kabla haijafika kwenye nozeli. Nafunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kamwe simwagi maji baridi juu yake, na injini ikiwaka baada ya pampu kupoa, jibu nimelipata. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli huharakisha ulikaji huo kwa kuwa hayalainishi. Mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzima mchezo huo, lakini pampu iliyokwisha kulika haiponi kwa sheria.

Pampu ya namna hiyo hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, pamoja na nozeli zake zote. Ikirudi, skrubu ya mwendo wa chini hurekebishwa injini ikiwa na moto, taa zikiwa zimewashwa na mitungi ya upepo imejaa, kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha nati yake ya kufungia hukazwa.