"Kifungu kiko wapi?" na mengine tunayodanganyana kuhusu sheria

Mwambie mtu ana haki fulani, swali la kwanza ni "kifungu kiko wapi?", usipomtajia namba anaona unampiga fiksi. Wengi wanaamini sheria ni ile tu iliyopitishwa bungeni, na kwa imani hiyo kuna kina mama wametoka kwenye ndoa na begi la nguo tu.

Ukweli, Tanzania tunatumia pia komoni loo, yaani kanuni ambazo majaji wa Uingereza walizijenga kesi baada ya kesi. Na haikuingia kwa mlango wa nyuma, ipo sheria iliyoandikwa, Sura ya 358, inayosema pale ambapo sheria zetu zimenyamaza, mahakama itumie komoni loo ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Kenya wana sheria kama hiyo, ila tarehe yao ni 12 Agosti 1897.

Wengine wanadhani basi jaji anachagua anayoitaka. Hapana! Zikigongana, ya Bunge inashinda, na juu ya zote kuna Katiba.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni hii ya kwamba kifungu kikishaandikwa kinajieleza chenyewe. Chukua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinaitaka mahakama inapogawa mali iangalie mchango wa kila mmoja wa pesa, mali au kazi. Sasa kazi ipi? Kupika, kufua, kulea watoto, imo? Kifungu hakisemi, na majaji wenyewe waligawanyika, wengine wakasema hayo ni majukumu ya mke tu. Mpaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani ni mchango. Bunge halikugusa hata nukta lakini kuanzia hapo kifungu kikawa na maana hiyo, na hakimu wa mahakama ya mwanzo huko wilayani anafungwa na uamuzi huo, hawezi kusema yeye anaona tofauti.

Na hapohapo kuna uongo mwingine, eti Bi Hawa alipewa nyumba. Hakupata kitu, mahakama iliona pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya familia alizitumia vibaya. Kilichobaki kwa wengine ni ile kanuni, na wanawake wengi wamegawiwa mali kwa kuitumia.

Halafu kuna ya "mkikaa miezi sita mshakuwa mke na mume". Jamani, hakuna. Kifungu cha 160 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinasema miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wawe wanawatambua kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu, mwenzako akileta ushahidi wa kuipinga inaanguka. Kenya hawana kifungu kama hicho kwenye Sheria yao ya Ndoa ya 2014, dhana hiyo waliirithi toka komoni loo, na Januari 2023 Mahakama ya Juu, kesi ya MNK dhidi ya POM, ikaiwekea masharti makali na kusema itumike kwa nadra. Kwa hiyo jambo lilelile huku limeandikwa na Bunge, kule limebebwa na majaji, ukichukua ushauri wa ndugu yako wa Nairobi ukauleta mahakamani Arusha utaumia.

Ukiulizwa kifungu, taja kifungu pamoja na kesi iliyokitafsiri. Hukumu zipo bure mtandaoni kwenye tovuti ya TanzLII, na ya Kenya Law kwa walioko kule. Nyingi za zamani ni Kiingereza maana Tanzania Kiswahili kimefanywa kisheria kuwa lugha ya mahakama zote 2021 tu, kwa hiyo mtafute msaidizi wa kisheria wa karibu akusomee aya kwa aya kabla hujasaini mgawanyo wowote wa mali.