Je, wajua? Ilikuwaje mfalme wa Uhabeshi akazaliwa Romania?

Mwaka 2022 ilitoka Bucharest riwaya moja nene iitwayo Theodoros. Mhusika wake mkuu ni mtoto wa watumishi aitwaye Tudor, mzaliwa wa Wallachia, upande wa kusini wa nchi ambayo leo ni Romania. Mama yake ni Mgiriki. Mtoto huyu hataki kurithi utumishi, anautaka ufalme. Basi anatoroka, anakuwa haramia katika visiwa vya Wagiriki, anaiba na kuua bila soni, na mwishowe anakalia kiti cha enzi cha Uhabeshi kwa jina la Tewodros wa Pili.

Ndiyo, Tewodros yule yule aliyetawazwa mwaka 1855, akawatia Wazungu minyororoni, kisha akajiua kwa bastola juu ya mlima wa Magdala mwaka 1868 Waingereza walipomfikia. Alikozaliwa kunajulikana. Jina lake la utotoni lilikuwa Kassa Hailu, na alizaliwa Qwara, magharibi mwa Ethiopia kuelekea Sudan, yapata mwaka 1818. Wallachia hakuwahi kuikanyaga.

Sasa ilikuwaje mwandishi anayeheshimika, tena profesa wa chuo kikuu, akamhamisha mfalme wa watu bara zima?

Mwandishi mwenyewe anaitwa Mircea Cărtărescu, na jina hilo hutamkwa karibu na "Mircha Kartaresku". Alizaliwa Bucharest tarehe 1 Juni 1956, na kwa muda mrefu visa vya riwaya zake havikutoka nje ya mji huo. Alisoma fasihi Chuo Kikuu cha Bucharest, akamaliza mwaka 1980, akafundisha Kiromania shuleni karibu miaka yote ya mwisho ya utawala wa Ceaușescu, dikteta wa Kikomunisti wa Romania. Alianza kama mshairi. Shairi refu la Levantul, ambalo ni utenzi mzima unaoiga kwa mzaha mitindo ya washairi wa Kiromania wa zamani, alilipiga kwa tapureta kwenye meza ya jikoni bila matumaini makubwa kwamba lingechapwa. Lilitoka mwaka 1990, baada ya Ceaușescu kuanguka.

Udhibiti wa serikali aliujua kwa karibu. Mkusanyo wake wa hadithi ulipotoka mwaka 1989 ulikuwa umekatwakatwa, na hadithi moja, Ruletistul, haikuwemo kabisa. Ilibidi kungoja hadi 1993 kitabu kitoke kizima kwa jina la Nostalgia. Hadithi iliyonyimwa nafasi inamhusu mtu asiye na bahati katika jambo lolote, isipokuwa moja: anajielekezea bastola kichwani mbele ya watazamaji wanaoweka dau, na hafi. Kwanza bastola ina risasi moja, baadaye mbili, halafu tatu. Sikumalizii, ila ujue tu kwamba haishii kwenye tatu.

Ukiishika hadithi hiyo umeshika ufunguo wa mambo mengi ya Cărtărescu. Kiswahili kina kiambishi kinachomfaa sana mtu huyu: -ngali-. Yeye hutafuta mahali ambapo maisha yangaligeuka yasigeuke, kisha huingia kwenye njia ile isiyopitwa na kwenda nayo hadi mwisho. Ujana wake aliusomea mashairi mbele ya kikundi cha fasihi kilichokutana siku za Jumatatu chini ya mhakiki Nicolae Manolescu, na huko alishangiliwa. Katika riwaya ya Solenoid, ya mwaka 2015, anamchukua kijana anayefanana naye kwa kila kitu, anamsimamisha mbele ya kikundi kama kile, na safari hii anachekwa. Kijana anaacha uandishi, anaishia mwalimu wa shule pembezoni mwa Bucharest, na anaandika daftari asilokusudia mtu alisome. Daftari hilo ndilo riwaya. Kwa maneno mengine, mwandishi amejiandikia maisha ya mtu aliyeshindwa kuwa yeye. Tafsiri ya Kiingereza ya Sean Cotter ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Dublin mwaka 2024, yenye thamani ya yuro 100,000, ambapo 75,000 humwendea mwandishi na 25,000 mfasiri. (Natamani tuzo zote zingewakumbuka wafasiri hivyo.)

Kabla ya hapo kulikuwa na Orbitor, riwaya ya vitabu vitatu vilivyotoka 1996, 2002 na 2007, na majina yao ni Bawa la Kushoto, Mwili na Bawa la Kulia, maana yote kwa pamoja ni kipepeo. Humo mna picha ambayo wasomaji wake hawaisahau: mtoto amekaa dirishani katika ghorofa ya barabara ya Ștefan cel Mare, anautazama mji mzima umetandazwa chini yake, mpaka siku wanapojenga maghorofa mengine upande wa pili na kuliziba dirisha. Tangu hapo, anachokitazama kiko ndani ya kichwa. Huandika kwa mkono, na amesema mara nyingi kwamba harudi nyuma kufuta na kuandika upya. Shajara anayo tangu ana umri wa miaka 17 hivi.

Mtu wa namna hii anafikaje Uhabeshi? Alifikishwa na barua.

Karne ya 19 Romania ilikuwa na mwanasiasa na mwandishi aitwaye Ion Ghica, aliyezaliwa mwaka 1816. Alikuja kuwa waziri mkuu, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1850, Waturuki walimpa kutawala kisiwa cha Samos, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kupambana na maharamia. Uzeeni aliandika barua ndefu kwa rafiki yake, mshairi Vasile Alecsandri, akisimulia habari za zamani: walimu wa Kigiriki, wezi wa barabarani, mabwana wenye mashamba na vituko vyao. Zilichapwa miaka ya 1880 na hadi leo zinahesabiwa miongoni mwa nathari tamu za Kiromania. Katika mojawapo anamkumbuka kijana wa watumishi wa nyumbani kwa baba yake aliyetoweka na asirudi, na anadai kwamba kijana yule ndiye aliyekuja kujulikana duniani kama Theodoros, mfalme wa Uhabeshi.

Ghica hana ushahidi. Ana kumbukumbu na ana jina. Cărtărescu aliisoma barua hiyo ujanani, ikamkaa kichwani kwa miongo. Alipoiandika riwaya aliiita ya kihistoria bandia, kwa hiyo hakumdanganya msomaji tangu mlangoni.

Lakini tumtazame Ghica kidogo, kwa sababu kosa lake lina mantiki yake. Theodoros ni jina la Kigiriki, na maana yake ni zawadi ya Mungu. Kanisa la Mashariki lililibeba kila lilikokwenda. Kwa Waromania limekuwa Tudor au Teodor. Uhabeshi, ambako Ukristo ulifika katika karne ya 4, liliingia katika lugha ya kale ya Kigeez likawa Tewodros. Ni jina moja lililosafiri njia mbili, moja ya kaskazini na nyingine ya kusini, bila watu wa njia hizo kujuana. Vita vya 1868 vilipojaa magazetini Ulaya nzima, Mromania aliyekulia kwenye nyumba iliyosikika Kigiriki alisoma "Theodoros" na akasikia jina la nyumbani. Asingesikia hivyo kama mfalme yule angeendelea kuitwa Kassa.

Na kwa nini Kassa alibadili jina? Hapo Wahabeshi wenyewe walikuwa wameshatunga riwaya kabla ya Cărtărescu. Kitabu chao cha kale, Fikare Iyesus, kilitabiri kwamba baada ya zama za dhiki atakuja mfalme mwenye haki jina lake Tewodros. Nchi ilikuwa imepita zaidi ya miaka themanini ya masultani wadogo wadogo, kila mmoja na jimbo lake na vita vyake. Kassa alianza kama kiongozi wa genge porini, akawashinda wakuu mmoja baada ya mwingine, na siku ya kutawazwa akalichukua jina lililokuwa likisubiriwa.

Adui zake walimpa jina jingine: mwana wa muuza koso. Koso ni maua ya mti ambayo Wahabeshi huyanywa kutoa tegu tumboni, na uvumi ulisema mama yake, baada ya kuachika, aliyauza ili ale. Mkuu mmoja alijigamba kwamba atamkamata mwana wa muuza koso. Alikamatwa yeye. Inasimuliwa kwamba Kassa alimwambia leo mama hakupata mteja sokoni, basi imebidi ainywe yeye, na akamnywesha.

Nadhani hapa ndipo riwaya ilipojipenyeza. Mfalme wa kweli alikuwa tayari ana mama maskini anayesimangwa, ujana wa unyang'anyi na jina la kuchagua. Cărtărescu alimpa mama mwingine maskini, uharamia badala ya ujambazi wa nchi kavu, na jina lile lile. Mshono hauonekani.

Wasimulizi wa riwaya si binadamu, ni malaika wakuu, wanaomsemesha Theodoros kwa "wewe", kama watu wanaomsomea mtu daftari la matendo yake. Katikati ya maharamia na watumishi anaingia pia Mfalme Suleiman na Malkia wa Sheba, kwa kuwa Kebra Nagast, yaani Utukufu wa Wafalme, kitabu ambacho wafalme wa Uhabeshi walijengea nasaba yao hadi kwa Menelik mwana wa Suleiman, ni hazina ambayo mwandishi wa aina hii hawezi kuipita.

Sitaficha kwamba habari hii ilinikera kwanza. Tumezoea Wazungu kukuta jambo kubwa Afrika na kumtafutia baba wa nje. Magofu ya Great Zimbabwe waliwapa Wafoinike, wakampa hata huyo huyo Malkia wa Sheba, wakampa yeyote isipokuwa Washona. Mfalme aliyeunganisha Uhabeshi naye agundulike ni Mzungu? Kilichonituliza ni kwamba Tudor wa riwaya hapeleki ustaarabu wowote. Anapeleka tamaa na damu mikononi, na malaika hawamsamehei hata ukurasa mmoja. Kwa Ghica ilikuwa majivuno ya mtu wa nchi ndogo iliyoishi chini ya dola za wenzake, kwamba na sisi tumetoa mfalme. Cărtărescu ameyachukua majivuno hayo akayageuza kuwa mashtaka. Hata hivyo, msomaji wa Addis Ababa ana haki ya kununa.

Mwisho wa Tewodros haukuhitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1862 alimwandikia Malkia Victoria barua ya kutaka urafiki na mafundi. London haikujibu. Akamfunga Cameron, balozi mdogo wa Uingereza, pamoja na wamisionari, na wamisionari wengine akawatuma wamsubie mzinga wa tani karibu 7 alioupa jina la Sevastopol. Jenerali Napier akaja kutoka Bombay na askari wapatao 13,000 na ndovu 44. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ikaanguka, na bastola ambayo Tewodros alijipigia ilikuwa zawadi ya Victoria. Mtu angeiweka hiyo kwenye riwaya tungesema mwandishi amezidisha.

Vita hivyo viliwapitisha watu wawili ambao pwani ya Waswahili inawajua. Ludwig Krapf, yule wa Rabai aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882, alikuwa ameonana na Tewodros mwaka 1855. Napier alipoanza safari alimchukua awe mkalimani, lakini afya ikamkatalia akarudi kwao. Na mwandishi kijana wa gazeti la New York Herald alipanga mapema na mtu wa simu za maandishi kule Suez, habari yake ya ushindi ikafika London kabla ya taarifa ya jeshi. Alikuwa Henry Morton Stanley. Umaarufu huo ulimfungulia njia, na mwaka 1871 akatua Unguja kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji.

Mtoto wa Tewodros, Alemayehu, alikuwa na umri wa miaka 7 hivi Waingereza walipomchukua pamoja na hati za kale na mataji. Alifariki Leeds mwaka 1879, umri wake miaka 18, akazikwa kwenye kanisa la ngome ya Windsor. Ethiopia imeomba mifupa yake irudi, na mwaka 2023 jumba la kifalme likakataa tena, likisema kuifukua kungesumbua makaburi mengine.

Ion Ghica alifika London kuwa balozi wa Romania mwaka 1881. Huko aliandika barua zake nyingi. Mtu pekee Uingereza ambaye angeweza kumwambia kama bibi yake aliuza koso au alizungumza Kigiriki alikuwa Windsor, mwendo mfupi kwa treni, miaka miwili chini ya ardhi.