Staa Akikaa Kitini Kwako

"Kupostiwa ni malipo tosha."
Kauli hii imewafilisi wengi wetu tunaopamba mastaa sura na nywele. Meneja anapiga simu saa nne usiku: "Dada, kesho tuna shuti, staa atakutagi." Alfajiri unakodi bajaji, unamaliza kope na fondesheni ulizonunua Kariakoo kwa hela yako, jioni unarudi na tagi ya stori inayopotea baada ya saa 24. Taja bei kabla hujafungua begi, na uchukue kianzio. Ukiamua kumfanyia bure, sawa, ila muandikiane WhatsApp: posti ngapi, na jina lako litakaa wapi.

"Kazi ni yangu, picha nimepiga mimi, naposti."
Sura si yako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Staa ana zaidi ya hapo: huenda ana mkataba na kampuni ya vipodozi, nawe kwenye video yako umeonyesha chupa ya washindani wao. Omba ruhusa kabla ya kuanza, si wakati amefumba macho unambandika kope.

"Siri ni kile ulichoambiwa ufiche."
Hakuna atakayekuambia. Niliwahi kumvua wigi mwimbaji mmoja, nyumbani kwake. Juu ya sikio palikuwa na kipara, nywele za mbele zimeng'olewa na gundi na misuko ya kubana. Binti niliyekuwa namfundisha akaguna, "Mh!", simu mkononi. Hakupiga picha. Lakini dada yule alivuta khanga akajifunika kichwa, tukamaliza kazi kimya, na hakuniita tena. Sikumlaumu. Siku hizi simu za wasaidizi wangu zinakaa kwenye begi mpaka tutoke. Na nikiona jambo kichwani, namwambia mwenyewe kwa sauti ya chini: dada, pumzisha gundi, umwone daktari wa ngozi mapema, maana mzizi ukishakufa nywele hazirudi.

"Ana haraka, usafi tutafanya baadaye."
Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Wembe wa nyusi ni mpya kwa kila mteja, kijibrashi cha maskara ni cha kutupa. Gundi ya kope ijaribiwe kwenye ngozi siku moja kabla, hata meneja akinuna. Jicho likivimba asubuhi ya shoo, atakayeulizwa ni wewe, si yeye.

"Lazima umchangamshe, halafu upate selfi."
Mimi siombi selfi, akitaka atasema. Na maongezi afungue yeye. Wengine wanakuja wametoka ukumbini saa kumi usiku, wanachotaka ni kimya tu. Wa wiki iliyopita alilala mdomo wazi, nikachonga nyusi taratibu, nikamwamsha nilipofika kwenye lipstiki.