"Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Dhana potofu kuhusu kupima uelewa darasani

Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi mbili ambazo walimu wengi huzijaza wakiwa hoi: tathmini na maoni. Ukifungua maandalio ya mwaka mzima unaweza kukuta maneno yaleyale kuanzia Januari hadi Novemba. "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Chini yake: "Wachache ambao hawakuelewa watasaidiwa." Wachache hao ni akina nani? Hawakuelewa kitu gani? Hakuna anayejua, na pengine sentensi yenyewe iliandikwa asubuhi kabla ya kipindi, maana mthibiti ubora anaweza kuingia wakati wowote. Funika kombe mwanaharamu apite. Kupima kukishageuka kazi ya kujaza karatasi, dhana potofu hazikosi pa kuota, na nyingi kati ya hizi utazisikia ofisi ya walimu yoyote.

"Wakisema wameelewa, wameelewa"

"Ndiyooo" ya darasa zima ni kiitikio tu. Mtoto anasikia kwenye sauti ya mwalimu kwamba jibu linalotakiwa ni hilo, kengele iko karibu, na atakayesema "hapana" atawachelewesha wenzake kwenda kucheza. Kuna tatizo jingine kubwa zaidi: aliyeelewa vibaya kwa kawaida hajui kwamba ameelewa vibaya. Hadanganyi. Anajiona yuko sawa kabisa.

Ndiyo maana sina imani sana na zile mbinu za vidole gumba juu na chini, au kadi za kijani, njano na nyekundu, ambazo kwenye semina hutolewa kama dawa mpya. Ni "mmeelewa?" ileile imevalishwa nguo nyingine, kwa kuwa bado unamtaka mtoto ajihukumu mwenyewe. Ukitaka kujua kama anaweza kutoa, mpe hesabu ya kutoa.

"Jibu ni sahihi au si sahihi, basi"

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wote wa kazi hii.

Andika ubaoni: 403 − 178. Jibu ni 225. Sasa pita kati ya madawati uangalie madaftari. Mtoto mmoja ameandika 375. Mwingine 275. Kwa kalamu nyekundu wote wawili wanapata kosa, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja. Wa 375 hakukopa mahali popote. Kila safu amechukua namba kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Wa 275 anajua kukopa, ila sifuri ya makumi imemchanganya. Ameiruka, akakopa moja kwa moja kutoka kwenye mamia ili apate 13, akatoa 8 akapata 5. Kwenye makumi akaona sifuri na saba, akaandika 7 maisha yaendelee. Kwenye mamia zimebaki 3, toa 1 ni 2. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye vijiti na vifungu vya kumi kumi aone kwa nini tunakopa. Wa pili hana haja ya kurudishwa huko. Mpe hesabu tatu nne zenye sifuri katikati na ukae naye dakika mbili.

John Seely Brown na Richard Burton walilichambua jambo hili nchini Marekani mwaka 1978, wakaonyesha kwamba makosa mengi ya watoto kwenye kutoa hayatokani na uzembe wala kubahatisha. Mtoto ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni mbovu.

Sasa jaribu 478 − 153. Yule wa 375 atapata 325, jibu sahihi kabisa, kwa sababu kila tarakimu ya juu ni kubwa kuliko ya chini. Mpe hesabu kumi za namna hiyo, atapata kumi kwa kumi na makofi juu. Mwalimu anaondoka na furaha, na kanuni mbovu inapanda naye darasa la nne. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia mbinu, hangaikia swali. Swali zuri la kupima ni lile ambalo mtoto mwenye dhana mbovu hawezi kulipata kwa bahati.

Kwenye desimali, kuuliza kama 0.75 ni kubwa kuliko 0.42 hakukuambii lolote. Uliza 0.35 na 0.4 ipi kubwa, uone wangapi watasema 0.35 "kwa sababu 35 inazidi 4." Kwenye sayansi, badala ya kudai maana ya usanisinuru ambayo wameikariri tangu jana, uliza: mwembe mkubwa ule pale nje, uzito wa shina lake umetoka wapi hasa? Wengi watasema udongoni, kwenye mbolea. Wachache watataja maji. Atakayetaja hewa ya kabonidioksidi ndiye aliyeelewa zile sentensi alizokariri.

"Upimaji endelevu ni majaribio ya kila mwezi"

Dhana hii imejengwa na mifumo yetu wenyewe. Kidato cha nne Tanzania, alama za maendeleo zimekuwa zikibeba asilimia 30 ya matokeo na mtihani wa mwisho 70. Kenya, matokeo ya gredi ya tisa hukusanywa kutoka sehemu tatu: asilimia 20 za tathmini ya gredi ya sita, asilimia 20 za tathmini za shuleni gredi ya saba na ya nane, na 60 za mtihani wenyewe. Si mpango mbaya kwa kazi yake, kwani unapunguza mzigo wa kuhukumiwa kwa siku chache za mtihani. Ila alama iliyokusanywa, ikajazwa kwenye fomu na kutumwa, imeshafunga hesabu. Ni mtihani wa mwisho uliokatwa vipande.

Kuna upimaji wa kuhitimisha, unaotoa hukumu mwishoni, na upimaji wa kujenga, unaosaidia kurekebisha kazi ikiwa bado inaendelea. Michael Scriven aliyetenganisha aina hizi mbili mwaka 1967 alikuwa akizungumzia tathmini ya mitaala na programu. Benjamin Bloom akalileta wazo hilo karibu zaidi na ujifunzaji wa mwanafunzi. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia tafiti zipatazo 250, na jambo waliloling'ang'ania ni kwamba upimaji huwa wa kujenga pale tu ushahidi uliopatikana unapotumika kubadili ufundishaji ili ukidhi mahitaji ya wanafunzi. Cha kuangalia ni kile kinachofanyika baada ya kupima. Jaribio la Ijumaa linaweza kuwa la kujenga kama Jumatatu mwalimu ameingia na kitu tofauti kwa sababu yake. Na swali tamu la ana kwa ana linaweza kuwa bure kama mwalimu alikuwa ameshaamua kuendelea na ukurasa wa 47, majibu yaje yasije.

"Alama na maoni pamoja ni bora kuliko kimoja"

Inaingia akilini, lakini mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa Israeli ambao uliwaacha wengi midomo wazi. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, la pili maoni tu, la tatu vyote viwili. Walioendelea vizuri kwenye kazi iliyofuata ni wale wa maoni tu. Waliopewa vyote viwili hawakuipata faida hiyo. Alama iliyameza maoni.

Yeyote aliyewahi kurudisha madaftari anaijua picha: mtoto anafungua ukurasa, anatafuta namba, anamchungulia jirani kapata ngapi, anafunga daftari. Yale maandishi mekundu pembeni hakuna anayeyasoma. Tuseme ukweli pia, mara nyingi hayasomeki kwa sababu hayasemi kitu. "Jitahidi." "Ongeza bidii." Bidii ya kufanya nini? "Makosa yako matatu yote ni kwenye hesabu zenye sifuri, zifanye upya" ni maneno yasiyojaza mstari mmoja na nusu, na mtoto anajua aanzie wapi.

Najua madaftari ni 80. Basi si lazima yote siku zote, na si lazima uandike kila kitu. Weka nukta pembeni ya hesabu yenye tatizo bila kusema tatizo ni nini, kisha wape dakika tano mwanzoni mwa kipindi watafute wenyewe, wawili wawili. Kazi inahamia kwao, na ndipo inapotakiwa kuwa.

"Aliyenyoosha mkono akajibu, darasa limejibu"

Wale watano wa mbele hujibu mwaka mzima. Jibu likija, mwalimu anasema "mpigieni makofi matatu," pa-pa-pa, na mada imefungwa. Makofi hayana ubaya, ila yakija mapema yanawaambia wengine 70 kwamba kufikiri kumekwisha.

Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi vya shule za msingi Marekani kuanzia miaka ya 1960 mwishoni, alikuta walimu wakisubiri wastani wa sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipojizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zilipungua, na watoto waliozoea kukaa kimya walianza kusema. Sekunde tatu ni chache, lakini ukiwa umesimama mbele ya darasa lililo kimya zinauma. Uliza, nyamaza, hesabu moyoni, kisha chagua namba kutoka kwenye rejista ya mahudhurio badala ya mkono uliopanda juu. Jibu la kwanza likija, sahihi au si sahihi, muulize mwingine: "Wewe unakubaliana naye? Kwa nini?"

Hii haiwezekani darasani ambamo kukosea kunaleta kicheko au fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado vinaruhusiwa chini ya kanuni zenye masharti. Sheria iwe vipi, mtoto anayeogopa kiboko kwa kosa la hesabu atalinakili jibu la jirani, na mwalimu atakuwa anapima uelewa wa jirani.

"Hizo ni za madarasa ya watoto 25"

Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Darasa la watoto 90, watatu au wanne dawati moja, ubao umechakaa. Lakini hapo ndipo kuuliza mmoja mmoja kunaposhindwa kabisa, kwa hiyo haja ya kuwapima wote kwa pamoja inazidi.

Swali la kuchagua lenye majibu manne halihitaji karatasi. Majibu yawe namba moja hadi nne, na kila mtoto aonyeshe kwa vidole, mkono ukiwa kifuani, si hewani. Ukiruhusu mikono ipande juu, nusu ya darasa itapiga jicho kwa kidedea wa darasa na kumfuata. Hesabu "moja, mbili, onyesha!" kwa pamoja, kisha tembeza macho safu kwa safu. Hutahesabu kila kidole, na huna haja. Unataka kujua kama wengi wako kwenye mbili wakati jibu ni tatu. Majibu ya uongo yatoke kwenye makosa halisi: kwa 403 − 178 weka 375, 275, 225, na la nne 581, ambalo atalichagua aliyejumlisha.

Vipande vya plaiwudi vilivyopakwa rangi nyeusi na kipande cha chaki vinatosha kuwa vibao vya watoto, na fundi seremala wa mtaani huwa na mabaki. Na ile ya kuandika jibu moja kwenye kikaratasi wakati wa kutoka, usisome vyote 90. Chomoa 15 bila kuchagua, vipange mafungu matatu mezani: wamepata, wamekaribia, wamepotea.

"Kama hajibu, hajui"

Kwa Tanzania hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Akiulizwa kwa nini meli ya chuma inaelea, anakodoa macho. Mwalimu anaandika kichwani: hajui. Mwache amweleze jirani yake kwa Kiswahili, na unaweza kumsikia akisema maji yanaisukuma meli juu kwa sababu imeyasukuma maji mengi pembeni. Fizikia anayo, alichokosa ni Kiingereza cha kuibeba. Mtihani utakuja kwa Kiingereza na lazima aandaliwe, hilo sibishani nalo, lakini usifundishe upya dhana ambayo mtoto anayo tayari. Fundisha sentensi.

"Muda hautoshi, silabasi haitaisha"

Silabasi inayoisha Septemba huku nusu ya darasa imekwama kwenye mada ya Machi imeishia kwenye daftari la mwalimu tu. Kupima huku hakuombi kipindi kipya. Kipindi cha dakika 40 kinahitaji swali moja lililofikiriwa vizuri, likiulizwa katikati ya somo na si mwishoni, ili ubaki na dakika za kulifanyia kazi jibu. Kama karibu wote wamepata, songa mbele na ukae na wachache wakati wengine wanafanya zoezi. Kama wamegawanyika nusu kwa nusu, waweke wenye majibu tofauti wabishane dakika tatu kisha uliza tena. Kama wengi wamekosa, acha zoezi ulilopanga na eleza upya kwa njia nyingine. Kwenye nafasi ya tathmini utaandika: "Wengi wanaruka sifuri wanapokopa. Kesho naanza na 302 − 145."