Wati, omu na sebule ya vigae: yanayosemwa kuhusu spika za bei mbaya

Dodoma inajengwa. Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu: nyumba inapanda, jipsamu inapigwa, vigae vinalazwa, halafu mwenye nyumba anakumbuka muziki. Hataki sabufa ya kusikilizia taarifa ya habari. Anataka jozi ya spika za maana, zenye bei ya bodaboda mbili au tatu, na amplifaya ya kuziendesha. Akianza kuulizia, ushauri anaupata bure kila kona, na mwingi wake si wa kweli.

“Wati nyingi ndiyo sauti kubwa”

Hii ndiyo mama yao. Chukua boksi la sabufa lililoandikwa “P.M.P.O. wati 10,000”, kisha geuza mashine yenyewe usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta volti 220–240, wati 60 au 80. Hakuna mashine inayotoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inavyovuta ukutani. PMPO, yaani eti nguvu ya kilele cha muziki, haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujiandikia kinavyotaka.

Wanaonunua vitu vya bei hilo wameshalijua. Tatizo lao ni jingine: wanashindanisha wati halali za amplifaya mbili bila kuangalia spika. Kwenye karatasi ya spika kuna namba ya sensitiviti, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi spika hutoa ikipewa volti 2.83 (ambazo kwa spika yenye ukinzani wa omu 8 ni wati moja) na kipimo kikiwa mita moja mbele yake. Spika ya KEF LS50, iliyotoka mwaka 2012, imeandikiwa 85. Klipschorn, ile ya kona aliyoibuni Mmarekani Paul Klipsch miaka ya 1940, imeandikiwa 105. Desibeli 20 za tofauti maana yake ni nguvu mara 100: Klipschorn kwa wati moja inafika pale ambapo LS50 itadai wati 100. Na ukitoka amplifaya ya wati 50 ukanunua ya 100, umepata desibeli 3 tu. Unazisikia, lakini jirani hahami. Sikio linahitaji nguvu kama mara kumi ndipo liseme sauti imekuwa maradufu.

Kwa sebule ya kawaida, ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika, muda mwingi unatumia wati moja au mbili. Zilizobaki ni za vishindo vya ghafla. Pigo la ngoma ya muheme lililorekodiwa vizuri linaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani, na hapo wati moja inageuka 100 kwa kufumba na kufumbua. Akiba hiyo ndiyo unayoilipia.

“Imeandikwa omu 8, basi ni omu 8”

Namba hiyo ni ya kukadiria. Ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na masafa (uzito au wembamba wa sauti), na hiyo hiyo LS50 ya omu 8 hushuka hadi omu 3.2. Piga hesabu ya kidato cha pili: volti 20 kwa omu 8 zinavuta ampea 2.5, kwa omu 3.2 zinavuta ampea 6.25. Amplifaya yenye transfoma dhaifu inatembea vizuri tu hadi ifike sehemu hiyo, kama Noah iliyojaza abiria inapokutana na mlima Kitonga. Inachemka, au inajizima, au besi inalegea na mwenye mali anailaumu spika.

Kwa hiyo dukani usiulize “ni wati ngapi?” ukaishia hapo. Uliza inatoa wati ngapi kwa omu 8 na ngapi kwa omu 4. Ikiwa ni 100 kwa 8 na karibu 200 kwa 4, ina misuli. Ikiwa kwenye omu 4 namba haipandi, au kitabu chake kinakataza kabisa spika za omu 4, kaa nayo mbali kama spika unazozitaka ni ngumu kuziendesha.

“Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa”

Inaweza, na mafundi redio wanaishi mjini kwa hilo. Amplifaya ya wati 30 ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi. Vilele vinagota, sehemu za chini za muziki zinaendelea kupanda, na mkato wenyewe unazaa masafa ya juu ambayo hayakuwamo kwenye wimbo. Mzigo unaiangukia twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba sana. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza na kuchoma masikio, punguza, hata kama kitufe kimefika nusu tu. Nusu ya kitufe si nusu ya nguvu: chanzo chenye mawimbi makubwa kinaweza kuimaliza amplifaya kabla hata ya hapo.

“Amplifaya ya gharama inabadilisha kila kitu”

Hapa najua nitapingwa. Amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zikiwa ndani ya uwezo wao na sauti zimesawazishwa, hutofautiana kidogo mno. Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani, Bob Carver, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuirekebisha amplifaya yake ya transista isikike sawa na ya gharama kubwa watakayoichagua wenyewe. Akairekebisha, wakasikiliza, wakashindwa kuzitofautisha. Zile za valvu (zinazotumia taa za kioo badala ya transista) ni suala la pekee kidogo: nyingi zina ukinzani mkubwa upande wa kutolea sauti, hivyo mlio wake hufuata mabonde na vilima vya ukinzani wa spika. Kuna watu wanaoupenda mlio huo, na ni haki yao.

Pesa yako iweke kwanza kwenye spika. Halafu kwenye chumba, ambacho hakuna duka linalokitaja.

“Spika iliyosifiwa ughaibuni itapiga vile vile kwangu”

Simama katikati ya sebule yako mpya upige kofi moja. Vigae, kioo, madirisha ya aluminiamu, ukuta wa tofali uliopigwa plasta: utasikia mlio unaorukaruka kabla haujafa. Ndivyo kila “s” ya mwimbaji itakavyofanya. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za mbao na bodi nyepesi ambazo huvuja na kumeza sehemu ya besi. Ukuta wetu wa tofali unairudisha ndani karibu yote. Chumba chenye urefu wa mita 6 hurundika besi kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 29 hivi, na chenye upana wa mita 5 kwenye hezi 34. Spika ambayo huko inaambiwa “besi yake ni chache” huku inaweza kukutosha kabisa, na zile spika ndefu kama minara zikavuruga kila kitu. Zulia zito, pazia nene, kabati la vitabu, na spika kusogezwa mbele angalau nusu mita kutoka ukutani: hayo yatafanya kazi kuliko amplifaya ya pili.

“Nimezilinganisha kwa masikio yangu”

Kwa masikio, au kwa macho? Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman inayotengeneza spika, waliwasikilizisha watu spika zile zile mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Maoni yalibadilika. Umbo na jina vilikuwa vimeshapiga kura. Tena sauti ikizidi kwa desibeli moja tu, msikilizaji haoni kwamba imezidi. Anaona ni “safi zaidi”. Muuzaji mjanja analijua hilo. Sawazisha kwa programu ya simu ya kupima desibeli, weka spika moja ya kila jozi mahali pamoja, na upige kitu unachokijua kikilia kweli: sauti ya mtu, zeze, kwaya ya kanisani kwenu.

Nyaya, Japani na “kuzoesha”

Nyaya za mamilioni: hapana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.14, na hiyo inatosha. Kwangua tu kwa wembe kwanza. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Amplifaya za mitumba za Japani ni nzuri kweli, lakini nyingi ni za volti 100. Imeandikwa nyuma yake. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu itaungua, na wasiwasi wako wa sauti umeisha. Tafuta transfoma ya kushushia yenye uwezo wa kutosha. Na spika kuukuu, bonyeza taratibu ukingo wa wufa, ile koni kubwa ya besi: kama ni wa sponji unaomomonyoka kidoleni, jumlisha gharama ya fundi.

Mwisho ni lile la “spika mpya zinahitaji miezi miwili kuzoea”. Mabadiliko ya kweli ni madogo na mengi huisha mapema; kinachozoea zaidi ni sikio. Kaka wa dukani anayekuomba uvumilie hiyo miezi miwili ana risiti iliyochapwa chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.