Je, wajua kwa nini aliyelala kitandani siku nyingi huona giza akisimama, ilhali damu yake ni 14?

Mjomba alishuka kutoka Newala kuja kwetu Mtwara akiumwa taifodi. Homa ikaisha, dozi ikaisha, lakini sisi tukamlaza wiki mbili zaidi. Kila akinyanyuka anashika ukuta: macho yanaingia giza, moyo unamwenda mbio, magoti yanalegea. Nikatangaza kwamba damu imepungua. Zikaja juisi za rozela, matembele na maini, pamoja na "lala mjomba, usijichoshe." Akapimwa, damu 14. Nikasema kipimo kibovu.

Kipimo kilikuwa kizima, ila mimi sikujua kinapima nini. Ile 14 haisemi una damu kiasi gani mwilini. Inasema katika kila desilita ya damu mna gramu 14 za himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, basi. Ni kama kuonja uji: ulimi utakwambia ni mzito au mwepesi, lakini hauwezi kukwambia sufuria imejaa au imebaki nusu. Tena uji ukisahauliwa motoni, maji yanapungua, unazidi kuwa mzito, na mwonjaji anausifu.

Damu ya mtu aliyelala hufanya hivyohivyo. Akiwa kitandani, damu ya miguuni huhamia kifuani. Moyo na figo huhisi kama mwili umefurika, na figo hufanya kazi yake: mtu anakojoa. Ndani ya siku chache utegili, yale maji ya damu, hupungua kwa kama sehemu moja ya kumi, pengine zaidi. Chembe nyekundu hazitoki kwa mkojo. Zinabaki palepale kwenye maji machache, na namba ya maabara inaendelea kupendeza.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na damu kidogo kweli, hapo sikukosea sana. Nilikosea aina ya upungufu, na zaidi nilikosea dawa, maana kule kumlaza ndiko kulikokuwa kukimkausha.

Ukisimama, kiasi cha nusu lita ya damu, wakati mwingine hata zaidi, huteremkia miguuni na tumboni. Mtu wa Newala hahitaji kuchorewa picha hapa. Maji ya mradi wa Makonde husukumwa kutoka bondeni Mitema hadi juu ya uwanda. Kichwa chako ndicho Newala, moyo ndiyo pampu. Pampu haipandishi maji ambayo hayajaifikia. Kisima kikishuka, mashine itanguruma tu na bombani kutoke kidogo. Ndiyo maana moyo wa mjomba ulikuwa ukidunda kwa kasi hata akisimama tu kufunga shuka.

Mwili una wasaidizi. Shingoni mna vihisi vya presha vinavyoamuru mishipa ijibane. Misuli ya mashavu ya miguu nayo hukamua vena kila unapopiga hatua, na vilango vilivyomo ndani ya vena huzuia damu isirudi chini. Kitanda huwalegeza hao pia, na hata msuli wa moyo hunywea. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa wiki tatu. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana wiki zile tatu ziliwashusha kuliko miongo mitatu ya kuzeeka!

Lakini hao walikuwa watano tu, na wazima. Sidai kitanda peke yake kilimwangusha mjomba. Taifodi nayo humnyong'onyeza mtu. Kisukari, kutokwa damu na dawa za presha huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo kupimwa ni lazima. Na wapo ambao mapigo ya moyo kwa dakika hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, presha ikibaki palepale. Kwao wataalamu bado wanabishana kama kulegea kwa mwili ni chanzo au ni matokeo, na wengine wakilazimishwa mazoezi huzidiwa.

Wanaofaa kwa mazoezi huanza wakiwa wamekaa au wamelala: baiskeli ya kuegemea, kupiga kasia, kuogelea. Hapo ndipo nilipopata kioja changu. Tulimpeleka mjomba baharini Shangani, mimi na kaka yangu tumemshika huku na huku. Mtu asiyemaliza dakika tatu jikoni alisimama kwenye maji ya kifua akipiga soga. Maji yalikuwa yakiibana miguu na kuirudisha damu juu. Kutoka ndiko kulikokuwa kugumu. Ufukweni ilibidi akae chini mara moja.

Baada ya mwezi alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu. Akapimwa tena: 13.1.

"Mjomba," akaniuliza, "mbona damu imeshuka na mie nimepona?"

Nikamwambia maji yameshajaa sufuriani, chembe bado ziko njiani. Akaagiza rozela.